Pikapu ya Bi Zuwena

Emanueli, fundi mwenzangu, kaniomba niandike. Kasema vijana wanaoingia gereji siku hizi wanajua kuchomeka kompyuta kwenye gari ikawatajia ugonjwa, lakini hawajui kwa nini pale petu Wadi Kabir fundi hagusi injini kuukuu mpaka aulize suali. Basi nnaandika, maana nimestaafu na sina la kufanya isipokuwa kumkera mke wangu. Mshahara na vyeo sivigusi. Mshahara haukutosha, na vyeo havikuwepo.

Nilikuja Maskati kutoka Unguja mwanzoni mwa miaka ya tisini, mtu mzima, mwenye mke na watoto, na fundi tayari. Kule nilikwisha kufungua malori na mabasi bila ya vipuri, kwa nyundo na dua, kwa hivyo nilijiona najua kila kitu. Gereji ilikuwa ya Fundi Khalfan, mtu wa kwetu aliyehamia zamani, mfupi, bega moja limeshuka kwa kunyanyua vyuma, na hasira zake za kimya. Akikasirika hasemi neno, anakuondolea spana mkononi tu. Siku yangu ya kwanza akanionesha injini juu ya meza, imetoka sikrab, yaani kule yanakotupwa magari yaliyopata ajali. Nkachukua spana. Akanishika mkono.

"Umeuliza?"

"Nimeuliza nini, Fundi?"

"Mwenyewe yu hai?"

Nilidhani ananifanyia mzaha wa kumkaribisha mgeni. Hasha. Injini nyingi tulizokuwa tukifunga zilitoka kwenye gari zilizopinduka. Barabara za nchi hii nzuri, nyeusi, zimenyooka, na vijana wanazifia. Fundi Khalfan alikuwa na mwendo wake hataki ubadilishwe: kabla ya kufungua, unauliza. Kama mwenye gari yu hai, bismillahi, piga kazi. Kama kafa, unaweka spana chini, unasoma Fatiha, ndo unaanza. Na injini ya maiti haifungwi kwenye gari ya bibi harusi wala ya mgonjwa. Hilo halikuwa na mjadala. Mafundi wa gereji za jirani walitucheka, na baadaye nikawaona wengine wao nao wanaweka spana chini, wanageukia ukutani kidogo ili wasionekane.

Alinifunza mengi mengine, na machache nitayataja kwa sababu bado yanafaa. Miezi ya joto spana inaunguza kama kikaango, basi zake zilikuwa zinalala ndani ya ndoo ya maji, na ile aliyoipenda, ya ringi, mpini wake kauzungushia mpira wa ndani wa tairi. Injini aliisikiliza kwa bisibisi refu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni, macho kafumba, na hapo usimsemeshe. Mikono alinawa kwa mchanga na sabuni ya unga. Nami nikanawa hivyo mpaka nilipostaafu, na ngozi yangu hii leo mke wangu anasema inafaa kupigia msasa mbao.

Kitu kimoja hatukukijua sote wawili, nacho ni pua. Ukikaa ndani ya petroli na mafuta machafu miaka na miaka, pua inakufa, na inakufa polepole, kwa hivyo huna siku utakayosema jana nilikuwa nasikia harufu na leo sisikii. Mke wangu alikuwa akinikataza kuingia chumbani na nguo za kazi nami nikimwona ana madaha. Fundi Khalfan nyumbani kwake hakukatazwa chochote. Bi Zuwena alikuwa mtu wa kustahamili.

Huyo Bi Zuwena ndiye mkewe, na hapa ndipo penye habari yenyewe. Fundi alikuwa na pikapu ya Kijapani, ya miaka ya sabini, uso wa mviringo, bodi ya chuma kizito, injini ya silinda sita yenye kabureta. Nguvu inayo na kiu inayo. Akitoka kuijaza, baada ya siku mbili yuko tena petroli stesheni. Na tangi lake, kama zilivyotengenezwa pikapu nyingi za wakati ule, lilikuwa ndani, chini ya kiti cha abiria. Pikapu hiyo ndiyo iliyompokea Bi Zuwena siku aliyofika kutoka Unguja na sanduku moja na mbuzi ya kukunia nazi, na tangu siku ile hakupenda kupanda gari nyengine.

Mwishoni mwa miaka ya tisini figo zake zikasimama. Ikawa kila baada ya siku moja anakwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Yeye na Fundi walikuwa wamejenga Al Amerat, nyuma ya majabali, nyumba mpya, njia ndefu, kupanda na kushuka. Fundi anampeleka asubuhi, anamrudisha alasiri. Kwenda anatapika, kurudi anatapika zaidi. Fundi akamwekea ndoo. Hospitali walimwambia ni hiyo mashine, baadhi ya watu inawachafua matumbo, naye akaamini, kwani sote tuliamini.

Siku moja mkono ulikuwa unamuuma Fundi, akaniomba niendeshe mimi. Tulikaa watatu mbele, Bi Zuwena mlangoni. Tulipofika kwenye mpando akagonga kioo kwa kidole nisimame. Akashuka, akatapika, akajifuta kwa ncha ya kanga, na alipomaliza hakurudi garini. Alisimama ameshikilia mlango.

"Khalfan, mie basi."

"Basi nini?"

"Basi hiyo hospitali. Siendi tena."

"Usipokwenda utakufa, Zuwena."

"Najua. Ile mashine siichukii, nnalala, wananisafisha, nnaamka. Njia hii ndo inaniua. Nnakalia petroli, nnaivuta kwenda, nnaivuta kurudi, chakula chote ninachokula nyumbani kina ladha ya petroli."

"Petroli ya wapi?"

Bi Zuwena akakigonga kiti kwa kiganja. "Gari hii inanuka tangu siku uliyokuja kunipokea," akasema. "Nilipokuwa mzima nilistahamili. Sasa siwezi."

Fundi akanigeukia. "We Masudi. Inanuka?"

Nkaingiza kichwa ndani, nkavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Sikusikia kitu. Nkamwambia, "Mie sisikii kitu, Fundi," na kabla sijamaliza kusema tukafahamu sote wawili. Fundi Khalfan aliyekuwa akijua injini inaumwa nini kwa kuisikiliza tu, alimkalisha mkewe juu ya tangi la petroli tangu ujana wao, na hakujua. Akakaa juu ya jiwe kando ya njia, mikono kichwani, magari yanapita. Nilimwonea imani, walahi.

Tulimrudisha kwa madirisha wazi na joto lote lile. Njiani akatoa shuruti yake. Tumtengenezee gari hiyo hiyo isinuke, isisimame petroli stesheni kila siku kumpulizia ule moshi, na yeye atakwenda. La sivyo haendi. Nikasema kwa nini tusitafute gari mpya, zipo tele. Akasema magoti yake hayakunjiki kuingia kwenye vigari vya chini, na isitoshe, "Ntatolewa Amerat na gari iliyonileta, au sitoki." Fundi hakubisha. Usiku wa siku hiyo sijui alilala vipi, lakini asubuhi nilimkuta gereji keshaifungua boneti.

Katika nchi ya mafuta, ukisema unaijenga gari upya ili isile mafuta, watu wanakucheka. Walikuja kutuchungulia mmoja mmoja. "Khalfan keshakuwa bakhili," wakasema. Nasi hatukuwaeleza. Hesabu yetu ilikuwa nyepesi: injini ndogo inakunywa kidogo, inayokunywa kidogo inataka tangi dogo, na tangi dogo linaingia nyuma chini ya bodi, mbali na pua ya mgonjwa. Na kabureta iondoke kabisa, maana hiyo nayo inavuja na kutoa harufu hata gari ikilala. Tulitaka injini ya silinda nne inayopigiwa mafuta kwa nozeli, na giaboksi yake ya gia tano.

Tukaitoa ile ya silinda sita. Winchi ya mbele, bampa la chuma lililoweza kuhimili ngamia, kichanja cha juu, vyote tukavitupa, maana uzito nao unakula mafuta. Pikapu ikabaki imekaa juu ya magogo, kifua wazi. Sasa injini. Hapo ndipo tulipokwama.

Mwenye sikrab, Mbaluchi mmoja mkweli sana kwa mtu wa biashara ile, alikuwa nayo. Pikapu ndogo, mpya, imepondeka nyuma na juu, mbele haikuguswa. Injini safi, giaboksi safi, kompyuta yake, nyaya zake zote. Nilijua ndiyo yenyewe kabla sijaigusa. Fundi akauliza suali lake.

"Kafa," Mbaluchi akasema. "Kijana mdogo. Kaanguka nayo kwenye mpando wa Amerat."

Fundi akageuka akaondoka. Nkamfuata nikamwambia Fundi, tutaipata wapi nyengine kama hii. Akasema, "Gari ya mgonjwa, Masudi. Haifungwi." Tukatafuta kwengine. Moja tuliyoipata ilikuwa imepasuka mtungi unamocheza pistoni. Nyengine ilichukuliwa na maji ya wadi, bonde linalofurika mvua ikinyesha, tope limeingia mpaka kwenye pistoni. Nyengine mwenyewe alikuwa hai, lakini injini ndiyo iliyokufa.

Muda wote huo, baada ya kumbembeleza, Bi Zuwena nampeleka mimi kwa gari yangu, ya chini, na kila safari tunamkunja magoti kumwingiza na yeye anauma meno. Safari nyengine anakataa. Akikosa mashine mara moja miguu inavimba, akikosa mara mbili uso unavimba na pumzi inakuwa fupi. Nilimwambia Fundi waziwazi kwamba anamngojea mkewe injini ya mtu aliye hai mpaka mkewe mwenyewe asiwe hai. Akaniondolea spana mkononi. Sikusema naye siku kadhaa, wala yeye hakusema nami, na kazi ikaendelea hivyo hivyo kwa kuoneshana vidole.

Mwisho nikamweleza Bi Zuwena mwenyewe, nikiwa namrudisha. Nilidhani atasikitika au atamlaumu mumewe. Tulipopita Wadi Adai akaniuliza, "Huyo kijana, mama yake yu hai?"

Miaka yote ile tuliuliza habari za mwenye gari tu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza hilo.

Akanituma kwa Mbaluchi, Mbaluchi akanielekeza nyumba. Ilikuwa hapo hapo Wadi Adai, kando ya njia tunayopita kila siku. Nikampeleka. Aliteremka na miguu yake ile imevimba, viatu havimwingii, akaingia ndani peke yake, mie nikabaki nje na injini nimezima. Alikaa sana. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu na mkononi kapewa tende ndani ya kikapu kidogo.

"Kakubali," akasema. "Anasema heri itembee kuliko ioze pale juani. Lakini siku itakayowaka, tupite hapa tusimame. Anataka kuisikia. Anasema alikuwa akiijua kutoka mbali, akenda kumpashia chai mwanawe."

Nilipomweleza Fundi, nikangoja aniondolee spana. Hakuniondolea. Alichukua funguo akenda sikrab mwenyewe. Injini ilipowekwa mezani alisoma Fatiha, na baada ya Fatiha aliendelea kusoma, sijui nini, midomo inacheza tu, mpaka mafundi wengine wakarudi kwenye kazi zao tukabaki mimi na yeye.

Nyinyi mnaopenda kujua kazi, kazi ilikuwa hivi. Vikalio vya injini tulivikata upya na kuvichomea kwenye chasisi, kwa sababu ya silinda nne ni fupi na unataka ikae nyuma kidogo, gari isilemee mbele. Propela, ile shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma, ikaongezwa urefu na kusawazishwa, la sivyo inatetemesha gari nzima. Difu, lile tufe la gia baina ya magurudumu ya nyuma, tukabadilisha meno yake ili injini isizunguke sana gari ikiwa mbio, hiyo ndiyo siri kubwa ya mafuta na watu wengi wanaisahau. Matairi membamba zaidi. Feni ya umeme, inayozunguka pale tu inapohitajika. Tangi jipya nyuma, baina ya mihimili ya chasisi, lenye mfuniko unaoziba sawasawa, na mipira mipya ya mafuta tangu mwanzo hadi mwisho, hata mmoja wa zamani haukubaki. Kiti cha abiria Fundi alikishona mwenyewe upya, sponji mpya, ngozi mpya. Ile sakafu iliyokaa tangi alisugua, akapaka rangi, akasugua tena, akapaka tena. Nilimwambia inatosha. Akasema, "Utajuaje weye?" Na kweli, nisingejua.

Kwa sababu hiyo haikuwezekana mimi wala yeye kusema gari imekwisha. Tuliiweka juani adhuhuri, wakati petroli inapopanda mvuke kuliko wakati wowote, tukafunga vioo, tukamleta Bi Zuwena. Akaingia, akafunga mlango. Fundi akasimama nje kwenye jua, kofia mkononi, jasho linamtiririka, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayengoja kusahihishiwa ubao. Bi Zuwena alikaa ndani muda mrefu kuliko nilivyotaka, katika hali ile. Kisha akashusha kioo.

"Nnasikia ngozi ya kiti," akasema. "Na rangi. Na weye Khalfan, unanuka petroli, nenda kaoge."

Fundi alikwenda nyuma ya gereji. Tulisikia maji yanamwagika kwa muda mrefu kuliko anavyohitaji mtu kuoga.

Safari ya kwanza nilikuwa nyuma, kwenye bodi, pamoja na jeki na sanduku la spana, maana gari iliyojengwa upya usiiamini mara moja. Tulipofika Wadi Adai Fundi akasimama mbele ya ile nyumba, hakuzima. Mwanamke akatoka, mtu mzima, mwembamba. Hakutusalimu. Akaja mpaka mbele ya gari, akatia kiganja juu ya boneti, kama unavyompima mtoto homa, akasimama hivyo akisikiliza. Injini ikiunguruma taratibu. Halafu akaondoa mkono, akarudi ndani, akafunga mlango. Tukaenda hospitali.

Bi Zuwena hakukosa mashine tena. Tangi lile dogo lilikuwa likiwatosha wiki nzima na likabaki, na Fundi alikuwa akilijaza yeye mwenyewe siku ambazo mkewe yuko nyumbani. Alitapika mara moja moja, kwa mashine hasa, na akawa anatuambia, "Hii si ya kwenu." Aliishi hivyo miaka mitatu hivi. Kila walipopita Wadi Adai Fundi alikuwa akipunguza mwendo.

Bi Zuwena alifia hospitali, asubuhi, akiwa kalala kwenye mashine yake, bila ya kelele. Fundi alikuwa kwenye maegesho ndani ya pikapu anamngoja. Wakaja kumwita. Alipotoka hakwenda nyumbani wala hakumpigia mtu simu, alikuja gereji moja kwa moja, akavaa nguo za kazi, akasimama mbele yangu.

"Zuwena kafa," akasema. "Nipe kazi."

Nkamwambia, "Twende tukamzike kwanza, Fundi." Akavua zile nguo, akazikunja vizuri, tukaenda.

Baada ya hapo aliiendesha pikapu ile kila siku, Amerat na Wadi Kabir, na kiti cha abiria hakumkalisha mtu. Mie nami nilikwisha kuhamia Amerat, tukawa tunafuatana njia moja gari mbili. Katika miaka hiyo ndipo alipokuja Emanueli, kutoka Mwanza, Mkristo, fundi mzuri na msemaji. Siku yake ya kwanza aliwekewa injini mbele, Fundi akamuuliza suali lile lile, na jibu likawa kwamba mwenyewe kafa. Emanueli akasema, "Mzee, mimi hiyo Fatiha siijui." Fundi akamwambia, "Basi vua kofia unyamaze." Na hivyo ndivyo anavyofanya mpaka leo, na amewafunza wengine.

Fundi Khalfan alikufa kwa kifua. Pikapu aliniachia mimi, pamoja na ile spana yenye mpira. Niliiendesha kwenda kazini miaka yote iliyobaki, na nikipita Wadi Adai nikawa napunguza mwendo, ingawa nyumba ile ilikuwa imefungwa na sikujua yule mama kahamia wapi au kama yu hai. Kutu ikala sakafu. Chasisi ikapasuka mahali tulipochomea. Mwisho wakaikataa kwenye ukaguzi, na mwaka huo huo mie nikastaafu, wakatukataa pamoja.

Injini lakini, ile ile ya kijana wa Wadi Adai, ilikuwa nzima. Emanueli alikuwa na pikapu ya muuza mboga inayotaka injini kama ile, akaniuliza, nikampa. Akaitoa, akaiweka mezani, na mie nilikuwa nimekaa pembeni kwenye kiti cha wageni, mara ya kwanza maishani mwangu kukaa kiti kile. Akachukua spana, akaiweka chini tena.

"Mzee Masudi," akasema, "najua jibu, lakini lazima niulize. Mwenyewe yuko hai?"

"Kafa," nkamwambia.

Emanueli akavua kofia, akainamisha kichwa, akamkumbuka Fundi Khalfan kwa namna yake, nami nikasoma. Akamaliza, akainua kofia airudishe kichwani.

"Usiivae kwanza," nkamwambia. "Bado wawili."